Siku Nilipomfungia Mama Ntandu Maji

Mwanangu Zuhura,

Amani ya Mungu iwe juu yako hapo unapoisoma barua hii. Nadhani utakuwa ndani ya basi, Manyoni umeshaipita, maana nitaiweka chini kabisa ya begi lako la mkononi, chini ya vyeti, na vyeti hutavigusa mpaka ukaribie kufika Itigi. Nimefanya hivyo makusudi. Ningekupa mkononi ungeisoma mbele yangu, nami nisingejua niangalie wapi.

Sasa hivi tumetoka kuswali alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Ilongero kumuaga shangazi yako, na nyumba imebaki na mimi na kuku. Nimechukua daftari lako la zamani la hesabu lenye kurasa nyeupe nyuma. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, utanisamehe.

Habari ya neti, ya kuchemsha maji, na ya kwenda kujitambulisha kwa mganga mfawidhi kabla hujafungua hata sanduku, mama yako ameshakwambia, na kesho stendi atakwambia tena. Sitayagusa hayo. Mimi nataka kukueleza jambo nililolifanya mwenyewe ulipokuwa darasa la tatu. Ulikuwepo. Ila ulikuwa mdogo, na nadhani ulilichukua vibaya kwa sababu yangu.

Nalileta leo kwa sababu ya maneno niliyoyasikia wiki mbili zilizopita. Ulikuwa jikoni na mama yako, mimi nipo nyuma ya nyumba natia mpini jembe. Ukamsimulia habari ya mama mmoja aliyekuja na mtoto mgonjwa ulipokuwa fildi hospitalini. Alikuta foleni, akapiga kelele, akakutukana wewe na wenzako, nawe ukamjibu neno moja mbele ya watu wote, benchi zima likacheka. Akambeba mtoto wake akaondoka. Ukamwambia mama yako, "Alikuwa amejitakia." Mimi niliweka jembe chini. Maneno yalikuwa yako, lakini sauti ile niliitambua kuwa ni yangu.

Unakumbuka kwamba kabla ya mabomba haya ya sasa tulikuwa na kisima kimoja cha pampu ya mkono, pale chini karibu na shule. Kamati ya maji ilinichagua mimi kuwa mwangalizi wake. Walisema ni kwa sababu siibi na siachi swala. Nilifungua baada ya alfajiri, nikafunga saa nne ili maji yarudi kisimani, nikafungua tena jioni. Mpini wa pampu ulifungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo niliuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Nakwambia ukweli, mwanangu, niliupenda ule ufunguo. Watu wazima walionizidi umri walinisubiri mimi nitokee njiani.

Mama Ntandu hakuupenda. Unamjua alivyo, lakini miaka ile alikuwa mkali mara mbili ya sasa. Mjane, anaishi kwenye nyumba ile ya mwisho kabla ya korongo, na wakati huo alikuwa na mama mkwe wake ndani, mgonjwa wa kitandani. Alifika kisimani bila kusalimia mtu. Alitaka kupita mbele ya wenzake. Kanuni ya kiangazi ilikuwa ndoo mbili kwa kila nyumba asubuhi, yeye alikuja na nne, kila siku nne, na kila siku tukagombana kwa zile mbili za juu. Alisema nawapendelea Waislamu wenzangu. Alisema mke wangu hachoti kwa zamu, jambo ambalo halikuwa kweli. Siku moja aliangalia hii alama ya sijda iliyo kwenye paji langu akasema, watu wakisikia, "Paji hilo unamwinamishia Mungu, sisi unatuinulia."

Neno hilo lilinikaa. Nilikwenda nalo nyumbani, nikala nalo, nikaingia nalo msikitini. Nilikuwa nikisimama kuswali namjibu Mama Ntandu kichwani, natafuta jibu ambalo ningempa, na mara nyingine nilisahau nimefika rakaa ya ngapi. Mbele yangu yuko Mungu, na mimi nagombana na mwanamke mwenye ndoo. Ilikuwa hivyo zaidi ya mwaka.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Pampu ilikuwa inakohoa, unasukuma mara kumi ndipo maji yanakuja. Ilikuwa siku ya Jumamosi, kwa hiyo wewe ulikuwa na kidumu chako kwenye mstari pamoja na watoto wenzako. Mama Ntandu akaja amechelewa, saa nne inakaribia, na ndoo zake nne. Watu kwa kumchoka wakamwacha apite. Akaweka ndoo ya kwanza. Ilipofika nusu nikasimamisha mpini nikasema muda umekwisha.

Akasema, "Niongeze, baba Zuhura. Leo nina shida."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Alikuwa akiniita "wewe". Ningekuwa na masikio siku ile ningesikia. Lakini mimi nilikuwa na lile jibu nililolitafuta mwaka mzima, na watu walikuwa wengi.

Nikamwambia, "Shida yako tunaijua sote. Ni mdomo."

Watu wakacheka. Nikapitisha mnyororo, nikafunga kufuli mbele ya macho yake, nikavaa ufunguo wangu. Na nilipogeuka nikakuona wewe unacheka kuliko wote, unaniangalia kama baba yako ameshinda kitu. Nami nilifurahi, Zuhura. Nilikuangalia nikafurahi.

Yeye aliinua ile ndoo ya nusu akaiweka kichwani, akazishika zile tupu, akaondoka.

Kabla ya adhuhuri tulisikia kilio upande wa korongo. Mama mkwe wake alikuwa amefariki. Mwenyekiti wa kijiji akatuma mtu aniambie nifungue pampu kwa ajili ya msiba, nami nikafungua, nikafunga madumu mawili kwenye baiskeli nikapeleka mwenyewe. Nilidhani nitayashusha uani nirudi. Mama Ntandu akatoka mlangoni. Wanawake wengine walikuwa nyuma yake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Alisema, "Asubuhi alikuwa hai. Alikuwa ananiambia nimwoshe, anaona haya kufa akiwa mchafu. Nikamwambia avumilie, maji yanakuja."

Nilikuwa nimeshika dumu, sikujua niliweke au niondoke nalo.

"Weka hapo," akasema. "Yeye sasa hana haya tena."

Nililiweka.

Mambo mengine nilielezwa na mama yako aliporudi kutoka kule ndani. Tulijua yule bibi ni mgonjwa, lakini wagonjwa wapo kila kijiji. Hatukujua kwamba alikuwa hawezi kujizuia, mchana na usiku, kwa karibu miaka mitatu. Mama Ntandu alifua mashuka kila siku peke yake na kuyaanika ndani ya nyumba, juu ya kamba, ili mtu yeyote asijue na bibi asiaibike. Zile ndoo mbili za juu zilikuwa za hayo. Haraka yake kwenye mstari ilikuwa ya hayo, maana alimwacha mtu amelala ndani ya uchafu. Angesema neno moja kisimani tungempa kisima kizima. Hakusema, kwa sababu aibu haikuwa yake, ilikuwa ya mtu mwingine, na yeye aliilinda. Mimi niliyekuwa mtu wa swala sikuwahi hata mara moja kumwuliza ndoo nne ni za nini.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Shehe Mghenyi. Unamkumbuka akiwa mzee sana, lakini wakati huo bado alikuwa analima mwenyewe. Nilimkuta shambani anakata vichwa vya alizeti. Nikamweleza yote, nikamwambia nataka kurudisha ufunguo kwa kamati. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza akaniuliza kama nimeshakwenda kwa Mama Ntandu. Nikasema bado. Akasema, "Basi umekosea nyumba." Na kuhusu ufunguo akaniambia nikiurudisha siku ile nitakuwa nimekimbia tu, na watu watanisifu kwa kukimbia.

Nikaenda. Mara ya kwanza alikuwa anapepeta uwele uani. Nilimsalimia, nikasema nilichokuja kusema, naye akaendelea kupepeta. Makapi yakaniangukia kichwani na begani. Sijui kama aliyaelekeza au ni upepo. Nikaondoka. Mara ya pili alinitazama akasema, "Umekuja kutafuta usingizi wako. Mimi sina wa kukupa." Ilikuwa kweli. Nilikuwa silali. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikimwambia mama yako kwamba mtu ameombwa msamaha mara mbili anataka nini zaidi. Mama yako akaniuliza kama msamaha ule nauomba au naudai. Hatukuongea jioni yote.

Mara ya tatu nilikwenda baada ya siku nyingi. Sikueleza tena kwamba nilikuwa sijui. Nilisema tu, "Nilikufungia maji ukiwa na mgonjwa, nikawafanya watu wakucheke. Nimekosa." Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Nimesikia, basi, akaingia ndani.

Sasa, mwanangu, ungedhani kuanzia hapo tulikuwa ndugu. Hapana. Wiki ile ile alirudi kisimani na ndoo zake, akaniambia mbele ya watu kwamba namwaga maji kwa uzembe. Alikuwa yule yule. Msiba haukumlainisha, na toba yangu haikumlainisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimetegemea kwamba nikijirekebisha na yeye atabadilika, kama malipo. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nilikumbuka jambo tulilofundishwa madrasa tukiwa watoto, kwamba hasira ikikukuta umesimama, kaa chini, na ikibaki, katie udhu. Nililijua kwa zaidi ya miaka thelathini, nikawafundisha na wengine, sikuwa nimewahi kulifanya. Nikaviringisha jiwe moja mpaka pembeni ya pampu. Siku Mama Ntandu alipoanza, nikakaa. Akauliza watu kama nimezimia. Wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Nikabaki nimekaa. Mtu akiwa amekaa ni vigumu kutoa maneno yale yanayotoka akiwa amesimama. Siku nyingine kukaa hakukutosha, nikaomba mtu ashike mpini, nikanawa mikono, uso, kichwa na miguu pale pale penye maji. Watu walidhani nimekuwa mcha Mungu sana. Walikuwa hawajui namkimbia nani.

Hiyo ilizuia mdomo. Ndani bado kulikuwa kunawaka.

Ndipo nikaanza kumwombea. Kila siku baada ya alfajiri, kabla sijachukua ufunguo, nilimtaja kwa jina. Mwanzoni dua yangu ilikuwa, Mola, mtulize yule mama. Niliomba hivyo kama mwezi mzima mpaka siku moja nikaona kwamba simwombei yeye. Nilikuwa naomba niondolewe kero. Nikajaribu kumwombea yeye hasa, nikakwama, kwa sababu sikujua anahitaji nini. Nilimjua mtu yule miaka kumi na mitano, na mbele ya Mungu sikuwa na neno la kumsemea.

Basi ikabidi nijifunze. Sikumwuliza yeye, ningefukuzwa. Niliuliza pembeni pembeni, na nikaanza kumwangalia akija, si kujihami, bali kuona. Nikaona mguu wa kushoto unavimba. Nikasikia kwamba Ntandu, mwanawe, amekwenda kutafuta kazi upande wa Manyoni na hapigi simu. Nikasikia mbuzi wake wanatupa mimba. Nikawa na la kuomba: mguu, mtoto, mbuzi. Zuhura, siwezi kukueleza hili vizuri, lakini mtu uliyemwombea mbuzi wake alfajiri, akija saa mbili kukutukana, unajikuta unataka kumwuliza mbuzi wanaendeleaje.

Usidhani nilifika nikatulia moja kwa moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Ramadhani, nikiwa na swaumu na jua kali, alinisema tena habari ya mke wangu, nami nikaipiga ndoo yake teke ikabingirika mpaka kwenye tope. Nilisimama pale naona haya mbele ya Mungu na mbele ya watu. Lakini siku hiyo sikungoja. Niliiokota ndoo, nikaiosha, nikaijaza, nikampelekea mpaka mlangoni kabla sijafuturu, nikasema nimekosa. Akasema, "Umeipasua ukingo." Nikampa ndoo yetu. Mama yako alinuna wiki nzima.

Wala sitaki uelewe kwamba utulivu ni kuwa mkeka wa kukanyagwa. Kuna asubuhi alimsukuma mjamzito mmoja aliyekuwa mbele yake. Sikukaa kwenye jiwe siku hiyo. Nilishika mpini nikasema, "Mama Ntandu, rudi nyuma. Sitasukuma mpaka urudi." Alisema maneno mengi. Nikangoja. Akarudi. Nilishangaa kwamba baada ya hapo nilimjazia ndoo zake kama za watu wote, bila kupunguza hata kikombe. Zamani ningempunguzia. Huko uendako, mtu akikudhulumu au akimdhulumu mgonjwa, sema, na ikibidi peleka kwa wakubwa wako. Ila sema ukiwa hutaki kumwumiza. Ni vigumu, na utajua mwenyewe siku ambazo unataka.

Pia usiende na wazo kwamba kila mkali ana bibi anayekufa ndani. Nilipita na wazo hilo kwa muda, nikawa namhurumia kila anayenitukana, na ikawa ni majivuno mengine tu. Wapo watu wakali kwa sababu wameamka hivyo. Hutajua yupi ni yupi. Mimi sikujua, na nilikaa naye kijiji kimoja.

Siku niliyojua kwamba kuna kitu kimebadilika haikuwa na tukio lolote. Nilirudi kutoka kisimani, mama yako akanipa uji, tukazungumza habari ya paa la jikoni. Katikati akaniuliza, "Leo Mama Ntandu hakuja?" Nikafikiri. Nikamwambia alikuja. Akaniuliza hakusema kitu? Nikamwambia alisema sana. Mama yako akaweka kata chini akaniangalia. Kwa miaka mingi nilikuwa naingia mlangoni na maneno ya yule mama kabla hata sijavua viatu, na siku hiyo nilikuwa nimeyaacha huko huko bila kujua. Usiku ule nilisimama kwenye isha, rakaa nne, na nilizihesabu zote.

Hilo ndilo ninalokutakia.

Sasa nikueleze jambo ambalo hulijui, maana ulikuwa chuoni. Mwaka ule niliofanyiwa upasuaji wa ngiri pale Singida mjini, niliporudi nyumbani watu walikuja kuniona. Siku ya tatu akaja Mama Ntandu. Hakubisha hodi vizuri, unamjua. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia nimekonda kama mtu aliyeacha kula kwa hasira, akamwambia mama yako uji wake ni mwepesi. Nikamshukuru kwa kuja. Akasema huko kanisani kwao wameniombea, kwenye jumuiya yao ya nyumba kwa nyumba. Nikasema Mungu awalipe, ugonjwa ulikuwa umenibana.

"Si kwa ugonjwa," akasema. "Ugonjwa umeanza juzi. Nakuombea tangu siku ya kufuli."

Sikuelewa. Akaeleza huku anaangalia mlango, si mimi. Alisema kwanza alimwomba Mungu aukaushe ule mkono wangu uliofunga mnyororo, na alilisema hilo kwa sauti mbele ya jumuiya. Mwinjilisti wao akamwambia hiyo si sala, ni mashtaka, aende akajaribu tena. Akajaribu tena. Ilimchukua muda mrefu. Alikuwa anamwomba Mungu ampe nguvu ya kwenda kisimani na kurudi bila moyo kupanda, kwa sababu mimi, akasema, nilikuwa mtu mgumu sana.

"Ulikuwa mgumu, baba Zuhura," akasema. "Siku ulizokaa kwenye lile jiwe bila kunijibu ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Nilidhani unanidharau."

Mama yako alitoka nje haraka. Nilisikia anacheka nyuma ya nyumba. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa kwa sababu ya mshono.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Miaka yote nilijihesabu kuwa mwenye subira, natembea alfajiri na jina la mtu mgumu mdomoni, na kule karibu na korongo kulikuwa na mtu amepiga magoti ana jina langu. Alikuwa na haki ya kulitaja kuliko mimi nilivyokuwa na haki ya kulitaja lake. Sijui Mungu alizipangaje dua zile mbili zilipomfikia. Najua zote mbili alizipokea, kwa sababu mwanamke yule alikaa kwenye kigoda changu karibu saa nzima, na alipoondoka nilitamani angekaa zaidi.

Kwa hiyo huko kazini, watakapokuja watu wagumu, nao watakuja kila siku kwa kuwa maumivu hayamfanyi mtu awe na adabu, kumbuka kwamba kuna mahali na wewe ni mtu mgumu kwa mtu. Labda ni mhudumu mwenzako, labda ni mgonjwa wa jana. Huenda yupo anayekuombea uvumilike. Mimi hilo limenipunguza sauti kuliko mawaidha yote niliyowahi kusikia.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ile ya kisima ulikuwa na miaka tisa, ukacheka, nami nikafurahi kwamba unacheka. Nilikwenda kwa Mama Ntandu mara tatu, nikaenda kwa shehe, nikatubu kwa Mungu. Kwako sikuja. Nilidhani mtoto atasahau. Sikukaa nawe chini hata siku moja kukwambia kwamba baba yako alichofanya pale kilikuwa kibaya, na kwamba kile kicheko mimi ndiye niliyekupa. Ukakua ukijua kwamba mtu akikujia juu, unamtafutia neno moja la kumwangusha mbele za watu, na una akili kuliko mimi, maneno yako yana makali zaidi. Hukuyaokota njiani, uliyakuta nyumbani. Nisamehe, mwanangu. Haya ndiyo nilipaswa kukwambia ukiwa na miaka tisa.

Na usijione umeharibika. Una miaka ishirini na minne. Mimi nilianza kujifunza haya nikiwa nimeshapita arobaini, nikiwa na ndevu na sifa ya uchaji, na bado Mungu alinipa muda. Wewe unaanza mapema, na unaanza ukiwa unajua kusoma dawa na kuzuia damu, kazi ambayo ni dua tosha ukiifanya kwa mkono mlaini. Nilikuona juzi ulivyomfunga bandeji jirani yetu kwenye kidole, ulivyompuliza kama mtoto. Nina matumaini makubwa nawe. Sisemi ili kukutia moyo. Nimekaa nikaangalia, nikaona.

Naona vumbi la bodaboda kule barabarani, nadhani ni ninyi. Nitakunja karatasi hizi kabla mama yako hajaniuliza naandika nini.

Ukifika piga simu. Usinitajie habari ya barua hii kwenye simu, nitaona haya na mama yako atakuwa anasikiliza. Niamkie tu kama siku zote. Mimi nitasikia sauti yako ilivyo, nitaitikia marahaba, na tutakuwa tumeshazungumza.

Ni mimi baba yako.